Daftari la Kumi na Moja

Kasmadi alilivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda kwa mguu, maana mgongo ulikuwa umegoma tangu Jumatatu, na vumbi lililotoka humo likampigisha chafya tatu mfululizo. Yu Parti, mwenye kibanda cha kahawa mlangoni pa karakana, akamsikia, akamwita kwa Pak, neno la kule la baba au bwana.

"Pak Kas! Uko hai humo?"

"Niko hai."

"Basi kahawa yako inapoa. Na dereva wa lori la miwa anauliza yule msichana wake utammalizia lini. Anasema hawezi kurudi barabarani na mwanamke asiye na pua."

"Mwambie avumilie. Leo nina shughuli."

"Shughuli! Tangu lini?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Mwaka huo wa tisini na sita Kasmadi alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, na maisha yake yote yalikuwa ndani ya karakana ile ya Madiun: chumba cha nyuma cha kulala, na uwanja wa mbele ambako alichora migongo ya malori. Alichora wasichana, simbamarara, milima yenye moshi, na maneno ya kuwachekesha madereva wanaofuata nyuma. Ilikuwa kazi ya kushiba, wala hakuna aliyemwita msanii. Lakini kabla ya hapo, kwa miaka ishirini na minne, alikuwa mchoraji wa mapazia wa Sekar Wilis, kundi la ketoprak lililozunguka Java na jukwaa lake la mianzi, mabati yake, na watu sabini pamoja na watoto na kuku wao. Wakifika mji wanasimamisha ukumbi uwanjani, wanaigiza habari za wafalme na wasaliti mwezi mmoja au miwili, mpaka mji uwachoke, kisha wanabomoa na kuhama. Kila mji Kasmadi aliuchora, na sanduku lile la bati lilikuwa na madaftari kumi na tisa.

Shughuli yenyewe ilikuwa imeletwa na pikipiki Alhamisi iliyopita. Kijana mwembamba aliendesha, na nyuma yake akashuka msichana, akavua kofia ngumu, akasimama kumtazama Kasmadi akipaka rangi mdomo wa simbamarara.

"Wewe ndiye Pak Kasmadi?"

"Ndiye. Lori lenu liko wapi?"

"Hatuna lori. Mimi ni Winarsih. Wa Kediri."

Brashi ilimtoka mkononi. Alikuwa na binti mmoja tu duniani, na mara ya mwisho kumsogelea kiasi cha kumgusa, binti huyo alikuwa na siku ishirini na nane.

Winarsih hakukaa, ingawa Yu Parti alikwisha kuleta viti viwili na masikio yake yote. "Naolewa Jumapili ya wiki ijayo," alisema, kama mtu aliyeyakariri maneno njia nzima. "Ofisi ya ndoa wamesema Pak Tukijan hawezi kuniozesha kwa sababu si baba yangu wa damu. Kwenye cheti kuna jina lako. Kwa hiyo nimekuja kuomba."

"Kuomba nini, Nduk?" Hivyo ndivyo baba wa kule anavyomwita binti yake, na neno lilimponyoka kabla hajajiuliza kama ana ruhusa.

"Uwe walii wangu. Uje ukae pale mbele ya kadhi, uniozeshe kwa mdomo wako." Akatazama chini. "Wamesema ukishindwa unaweza kumpa mtu uwakili. Lakini Pak Tukijan amesema nikuombe uje mwenyewe. Na mimi pia nasema uje."

"Nitakuja," Kasmadi akasema. "Nitakuja. Mama yako..."

"Nilisikia alifariki. Miaka mitatu sasa."

"Mitatu."

Walipoondoka, Kasmadi alikaa juu ya kopo la rangi, akalia mbele ya madereva wawili bila kuona haya. Tangu siku ile alikuwa mtu mwingine. Alinyoa ndevu kila asubuhi, alikopa kofia nyeusi ya bwana mwenye karakana, na akajizoeza maneno ya kuozesha mbele ya kioo cha lori mpaka Yu Parti akamwambia simbamarara ameshaolewa mara tano. Jambo alilokuwa amelikosa kwa miaka ishirini na mitatu lilikuwa linarudi lenyewe. Angekaa mahali pa baba, watu wangemwona, na yeye angesema "binti yangu" bila mtu kumbishia.

Na kwa kuwa mtu akipewa kidogo hutaka na cha juu, akaamua kumpelekea madaftari.

"Makaratasi?" Yu Parti alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa mkononi. "Msichana anaolewa, unampelekea makaratasi? Peleka batiki, Pak Kas. Peleka sukari. Hata sufuria ina maana."

"Nataka ajue hatukumsahau."

"Si umwambie? Mdomo unao."

"Mdomo hauna ushahidi."

"Haya, bwana wa ushahidi," Yu Parti akasema, akaweka kikombe juu ya sanduku, akarudi kwenye kibanda chake.

Hakuweza kubeba yote kumi na tisa, kwa hiyo alianza kuyapitia ili achague. Hakuwa ameyafungua tangu kundi livunjike. La tatu lilikuwa Blitar wakati wa mvua: ukumbi umeingia maji, na mfalme amekaa juu ya ngoma amekunja suruali. La tano, wanawake wa soko la Tuban wanamcheka mchoraji. Kurasa nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa, nyingine zimeganda kwa unyevu, akazibandua kwa kisu cha kukwangulia rangi. Alicheka peke yake alipomwona tena Waziri Mkuu wa kundi, mlevi wa kupindukia, akiwa amelala ndani ya jeneza la maigizo. Halafu akafika kwa Ruminah, na kicheko kikamwisha.

Ruminah mkewe alikuwa nyota wa Sekar Wilis. Katika daftari la sita alikuwa amelala juu ya masanduku ya mavazi, nusu ya uso amefuta rangi, nusu bado malkia. Katika la saba anachana nywele na kumtolea mchoraji ulimi. Katika la nane anacheka na tumbo lake kubwa, amelishika kwa mikono miwili. Kisha Kasmadi akafungua la tisa na la kumi, akageuza ukurasa baada ya ukurasa, na polepole akatambua kitu ambacho hakukiona wakati akikichora. Ruminah hakuwa na uso tena. Alikuwa amempa mgongo, anafua. Amempa mgongo, anashona. Amelala kaelekea ukutani. Miaka minne mizima mke wake hakumgeukia hata mara moja, naye kila mara akachora kisogo kile kwa ustadi, akaandika tarehe na jina la mji.

Kilichotokea ni hiki. Winarsih alizaliwa Kediri mwaka wa sabini na tatu, kundi likiwa limepiga jukwaa nyuma ya jiko la tofu, ile jibini ya manjano ya soya, la Tukijan na mkewe, Bu Sarpi, yaani Mama Sarpi. Mtoto alizaliwa Jumanne iliyoangukia Wage, moja ya siku tano za soko za Kijava, na Kasmadi naye alizaliwa Jumanne Wage. Mzazi na mtoto wenye siku moja hawakai nyumba moja hivi hivi. Mmoja humlemea mwenzake, na anayelemewa ni yule mdogo. Dawa yake inajulikana. Mtoto akatupwa: akalazwa juu ya ungo, akawekwa karibu na jalala alfajiri, na Bu Sarpi, ambaye walikuwa wameshapatana naye, akapita na ufagio, akashangaa kwa sauti kubwa kama inavyotakiwa, akamwokota. Siku ya thelathini na tano, Jumanne Wage inaporudi, wazazi wangekuja na sinia la wali wa manjano na shuka mpya ya kubebea, wamkomboe mtoto wao, na mambo yangeishia hapo. Watu hufanya hivyo kila mwaka, wanacheka, wanakula.

Siku ya ishirini na nane mwenye kundi akapata uwanja Jombang, akaamuru wabomoe. Mtoto alikuwa na homa kidogo. Bu Sarpi, ambaye hakuwahi kuzaa, akasema mwacheni hapa, barabara itamuumiza, mtakuja kumkomboa mkipata nafasi. Wakasema watakuja Idi. Lakini Idi ndiyo mavuno ya waigizaji, ukumbi unajaa siku kumi mfululizo, na nyota haachi jukwaa. Ruminah aliomba ruhusa mara mbili. Mara zote mbili Kasmadi ndiye aliyesema tungoje msimu uishe, na mtoto ambaye hajakombolewa akiwekwa karibu na baba wa siku yake ataugua, tusimchezee. Tuseme ukweli: hofu ilikuwepo, kule kwetu nani asiyeogopa jambo kama hilo? Lakini uvivu wa moyo nao ulikuwepo, na hofu ilipata pa kujifichia. Msimu ukaisha, ukaja mwingine. Ruminah aliendelea kuigiza malkia aliyenyang'anywa mtoto, na miji mizima ikamlilia.

Kasmadi alilifunga daftari la kumi, akajifuta macho kwa kitambaa chenye tapentaini, jambo ambalo halimsaidii mtu. Kisha akafungua la kumi na moja, na hapo akaupata ukurasa aliokuwa akiutafuta, haujaguswa na mchwa. Moyo ukamtulia. Huu ndio ushahidi, akajiambia. Akachukua la saba na la nane kwa ajili ya sura ya mama, na la kumi na moja kwa ajili yake mwenyewe, akayafunga kwa kitambaa cha batiki.

Alifika Kediri Jumamosi kabla ya adhuhuri. Nyumba ya Tukijan ilikuwa imefunikwa turubai, wanawake wanakuna nazi uani, na harufu ya soya iliyochemshwa ilikuwa ile ile. Tukijan mwenyewe alitoka na mikono ya manjano mpaka kwenye viwiko, maana hata siku ile alikuwa ametengeneza tofu, akamshika Kasmadi mkono kwa mikono yote miwili.

"Pak Kas. Umekuja. Alhamdulillahi. Tulikuwa tunakungoja wewe tu."

"Mnaningoja mimi?"

"Bibi harusi hawezi kuogeshwa baba yake hajafika! Sarpi, mpe chai haraka, kisha tuanze."

Wakamwogesha Winarsih uani, amekaa juu ya kigoda, amefungwa mashada ya yasmini mabegani, na beseni la maji ya maua likiwa mbele yake. Tukijan alimsukuma Kasmadi awe wa kwanza kumwaga maji. Winarsih aliinamisha kichwa, maji yakateremka kwenye nywele zake nyeusi, petali moja ikamganda shingoni, na Kasmadi akaitoa kwa kidole kimoja. Bu Sarpi, mwanamke mfupi mwenye uso mkavu ambaye hakuwa amemsemesha hata neno zaidi ya salamu, alimwona, akageuka pembeni.

Angeishia hapo! Angekunywa chai yake, akala, akalala, kesho yake akakaa mbele ya kadhi, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini baada ya chakula Winarsih alikaa barazani nywele zikikauka, mchangamfu, akasema, "Kuna nini kwenye hicho kifurushi, Pak? Unakikumbatia tangu ufike."

"Ni vyako," Kasmadi akasema, akafungua fundo.

Alianza na la saba. Winarsih aliusogeza uso karibu na karatasi. "Huyu ndiye Mama?"

"Ndiye. Kabla hujazaliwa."

"Anatoa ulimi!" Akacheka, akafunika mdomo. "Bu, njoo uone, anatoa ulimi. Pua hii si yangu? Tazama, Bu, pua yangu hii." Alipofika kwenye tumbo kubwa la daftari la nane aliacha kumwita Bu. "Na humu ni mimi."

"Ni wewe."

Akaweka kiganja juu ya mchoro, bila kuugusa hasa. "Sikuwa na hata picha yake moja," akasema. "Asante, Pak."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Pak kwa sauti ya namna ile, na Kasmadi akaona raha mpaka masikio yakamwaka moto. Kwa mikono ya haraka akafungua la kumi na moja, akaliweka magotini pa binti yake. "Na hili. Hili ndilo nilitaka ulione kuliko yote."

Ulikuwa uwanja wa nyumba ile ile, na mpera, na kuku saba, na msichana wa miaka minane hivi amesimama kivulini kwa gauni lenye mshono wa pindo uliofumuka. Pembeni kulikuwa na mwandiko mdogo: Kediri, Juni 1981.

"Huyu nani?"

"Wewe, Nduk."

Winarsih aliinamia karatasi. "Huo ni mpera wetu. Ulikatwa nikiwa darasa la nne." Kidole chake kikafuata pindo la gauni. "Na gauni hili nalikumbuka. Ulichora ukiwa wapi?"

"Kwenye kibanda cha chai, ng'ambo ya barabara."

"Kwa Mbah Sinem."

"Simjui jina. Bibi mmoja mwenye jicho moja."

"Ndiye. Kuku wote wako saba." Sauti yake ilikuwa imepoa kidogo, lakini Kasmadi hakusikia, alikuwa akiutazama mchoro wake. "Kuchora hivi kunachukua muda gani, Pak?"

Akajibu upesi, kwa fahari ya fundi. "Saa nzima. Na zaidi kidogo, maana kivuli cha mpera kilinisumbua."

"Saa nzima," Winarsih akasema. "Barabara ile ina hatua kumi na mbili. Nimeivuka kila siku kwenda shule. Ulikuwa na saa nzima."

Hapo ndipo aliposikia. Aliinua macho, na ule uso uliokuwa ukicheka haukuwepo.

"Nduk, siku zetu ni moja. Wewe Jumanne Wage, mimi Jumanne Wage. Ulikuwa hujakombolewa. Niliogopa nikivuka utaugua."

"Mwaka huo huo niliugua homa ya matumbo. Siku ishirini na mbili hospitali, Bu akilala sakafuni chini ya kitanda changu. Ulikuwa wapi mwezi wa tisa?"

Alijua alipokuwa. Ilikuwa imeandikwa kurasa chache mbele, kwa mkono wake mwenyewe. "Blora," akasema.

"Mbali. Na nikaugua."

"Ndiyo."

"Nikwambie kitu? Bu alikuwa ananiambia wazazi wangu wanazunguka na ketoprak, wamepotea njia, wakiiona watakuja. Nilipopata akili nikajua si kweli, lakini sikuwakasirikia. Nikasema labda hawakuweza. Labda hawakumbuki nyumba yenyewe. Kumbe ulifika. Ulifika, ukaagiza chai, ukanichora mpaka na uzi wa gauni, ukalipa, ukaondoka."

"Nilitaka ujue kwamba nilikuja."

"Ndiyo, sasa najua."

Wanawake waliokuwa wakikuna nazi walikuwa wameacha. Winarsih alikuwa bado ameinamia ukurasa, na Kasmadi alitamani kuliko kitu chochote amnyang'anye lile daftari. Alikuwa amekumbuka. Alikuwa amekumbuka kitu ambacho macho yake yamekiruka mara zote alizoufungua ukurasa ule, na akaona kidole cha binti yake kinakikaribia.

"Mkono huu," Winarsih akasema. "Nimeuinua hivi. Nimeshika nini?"

Kasmadi alisogeza kitambaa cha batiki karibu na daftari.

"Pak. Nimeshika nini? Hapa hakuna kitu, karatasi tupu."

Angeweza kudanganya. Angesema tawi, angesema kamba ya nguo. Lakini mchoraji hujua kwamba mkono ulioshika tawi hauchorwi vile, na binti mwenyewe alikuwa na macho. "Ulikuwa umemshika Pak Tukijan mkono," akasema. "Alitoka jikoni kukuita. Ulimkimbilia, ukamshika. Sikumchora."

Winarsih akafunga daftari, taratibu, akalirudisha kwenye kitambaa cha batiki. Yale mawili ya mama yake akayaweka kando yake.

"Haya nitabaki nayo. Lile chukua." Kisha akasema, na hakuwa akipaza sauti: "Kesho Pak Tukijan ataniozesha. Utampa uwakili. Kadhi alisema inaruhusiwa."

Tukijan, aliyekuwa amesimama mlangoni na taulo begani, ndiye aliyeshtuka kuliko wote. "Nduk! Usiseme hivyo. Huyu ni baba yako. Mtu ametoka Madiun, ameshatia nia, unamvunjia heshima mbele za watu? Mimi nitakaa pembeni, mimi sina neno."

"Ulikaa pembeni kwenye picha, Pak. Inatosha."

"Picha ni picha tu!"

"Mwache," Bu Sarpi akasema kutoka uani. "Mwache mtoto aseme."

Tukijan akamgeukia Kasmadi, na macho yake yalikuwa yakiomba msamaha kwa kosa ambalo si lake. "Pak Kas, hii ni haki yako. Sheria iko nawe. Ukisema hapana, hakuna anayeweza kukulazimisha. Bila neno lako hakuna ndoa. Sema tu."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Kasmadi alikuwa na neno moja la kusema, na kiti kingekuwa chake, kofia nyeusi ingevaliwa, na kadhi angempa mkono yeye. Binti angekaa nyuma ya pazia akimsikiliza, na hangeweza kufanya lolote. Kasmadi alikitaka kiti kile kwa kiasi ambacho hakuwahi kukitaka kitu maishani. Alimtazama Winarsih, nywele zake bado mbichi, ameyabana madaftari mawili kifuani. Binti yake alikuwa akimwogopa, na alikuwa na sababu.

"Afanye anavyotaka," Kasmadi akasema. "Ni sawa."

"Pak Kas..."

"Ni sawa, Pak Tukijan. Maneno yenyewe nilikuwa nayasahau kila mara."

Asubuhi ya Jumapili sebule ilijaa. Bwana harusi, aliyevaa koti jeupe lililomzidi mabega, alikaa mkekani mbele ya meza fupi, kadhi upande huu, mashahidi wawili upande ule. Kasmadi aliitwa mbele kwanza. Alipiga magoti kumkabili Tukijan, wakashikana mikono ya kulia, na mkono wa Tukijan ulikuwa mgumu, bado una manjano kwenye kucha.

"Sema," kadhi akamwambia.

Kasmadi akasema. Maneno yakatoka nusu, kwa sauti ya chini.

"Sauti, Pak. Mashahidi wasikie. Uwakili usiposikika hausihi."

Akavuta pumzi, akarudia, safari hii kwa ile sauti ya zamani ya kuwaita watu wa mapazia kutoka upande wa pili wa jukwaa. "Mimi Kasmadi, nakupa wewe Pak Tukijan uwakili wa kumwozesha binti yangu, Winarsih."

Binti yangu. Alikuwa amelisema mbele ya watu mia moja, na ilikuwa lazima aliseme mara mbili. Tukijan akajibu kwamba ameupokea, na kadhi akamwonyesha Kasmadi kwa kidevu kwamba kazi yake imekwisha, anaweza kwenda kukaa. Mbele hapakuwa na nafasi. Akarudi nyuma, karibu na mlango, akapenyeza miguu yake kati ya wageni waliotoka upande wa bwana harusi.

Tukijan alimshika bwana harusi mkono. Kwanza alilia, wageni wakacheka kwa huruma, mmoja akasema kwa sauti, "Polepole, Pak, hapelekwi Sumatra!" Kisha akajikaza, akasema yote bila kukosea: kwamba anamwozesha Winarsih binti Kasmadi, ambaye walii wake amempa uwakili, kwa mahari iliyotajwa. Bwana harusi akakubali kwa pumzi moja. Mashahidi wakasema imesihi, na nyumba nzima ikapokea.

"Kasmadi ndiye nani?" mwanamke mmoja mbele ya Kasmadi akamnong'oneza mwenzake.

"Sijui. Si ni baba yake Pak Tukijan? Babu?"

"Labda."

Kadhi alikuwa ameanza dua. Kasmadi aliinua viganja vyake, akaitikia amina pamoja na wengine.